Kabla ya Katiba, Nunueni Kaunta Buku

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha Kiswahili katika sekondari moja ya kata wilayani Makete. Alianza kwa shikamoo, kisha akaingia moja kwa moja kwenye hoja. Yeye na wenzake wa shule za jirani wanataka kuanzisha chama cha walimu wa lugha, wa Kiswahili na wa Kiingereza kwa pamoja. Mfano wa katiba wameshaupata. Vyeo wameshagawana, mpaka katibu mwenezi yupo. Sasa anauliza hatua inayofuata ni ipi, na tena, mama, wewe uliyekuwemo kwenye chama cha huku Mbeya tangu mwanzo, hebu tusimulie historia yake.

Marahaba, mwanangu. Hilo swali la pili ndilo lililonifanya niandike makala nzima badala ya kukujibu kwa mistari miwili. Limenikuta na kidonda kibichi.

Mwezi Julai, siku za maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, chama chetu kilifanya mkutano mkuu mjini Iringa. Mkutano ulifana kwelikweli. Ukumbi ulijaa walimu kutoka Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa yenyewe, na wengine walikuja na wanafunzi wao wa ngonjera, yale mashairi ya majibizano. Kabla mgeni rasmi hajahutubia, kijana mmoja wa sekretarieti alisimama akasoma historia fupi ya chama. Ilianzia siku ya usajili. Ikamtaja mwenyekiti wa siku hiyo, ikawataja wafadhili, ikamtaja mkuu wa chuo kimoja aliyetupa ukumbi, kisha ikaruka hadi uongozi wa sasa. Miaka yote ya kabla ya cheti haikuwamo. Wale walimu, wengi wao wanawake, waliokuwa wakikutana Jumamosi kwenye kituo cha walimu kwa nauli zao wenyewe hawakuwamo. Mimi niliyekuwa katibu kabla chama hakijawa na katiba sikuwamo. Baadaye niliitwa mbele, nikatambulishwa kuwa "mama yetu mlezi", nikavishwa kitenge, ukumbi ukapiga vigelegele.

Kitenge nilikipokea kwa mikono miwili na nikashukuru. Lakini njiani kurudi Mbeya, kutoka Mafinga mpaka Makambako, sikusema na mtu. Niliumia, na naandika hapa nikiwa bado naumia. Mtu anaweza kukuheshimu kwa moyo wote na papo hapo akaifuta kazi yako.

Yule kijana simlaumu. Aliandika alichokikuta ofisini, na ofisini kuna faili jipya linaloanza na cheti cha usajili. Kwa hiyo wewe wa Makete, na wengine wote mnaoniandikia mkiwa na ndoto kama hiyo, someni haya kwa makini, kwa sababu chama chenu kinaweza kupata heshima yote hiyo na bado kisijijue kimetoka wapi.

Ilianza hivi. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari zetu hawakumudu Kiingereza kwa kiwango cha kujifunzia masomo mengine. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, ukiwa na vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi pamoja na mafunzo ya walimu. Nilipoajiriwa, miaka ya tisini, baadhi ya vitabu hivyo nilivikuta kwenye kabati la shule yangu ya kwanza, vimechakaa, migongo yake imeshikizwa kwa gundi na karatasi ya kaki. Walimu walionitangulia walizisimulia semina za mradi ule kama watu wanaosimulia harusi ya mwaka. Fedha zilipoisha, semina ziliisha, na mwalimu wa Kiingereza akabaki peke yake na chaki yake.

Sisi wa Kiswahili hata hizo semina hatukuzionja. Ilichukuliwa kwamba kila Mtanzania anaweza kufundisha Kiswahili, hivyo kipindi kikikosa mwalimu alipewa yeyote aliyekuwa na nafasi kwenye ratiba. Nimeona mwalimu wa jiografia akifundisha ngeli kwa daftari la mwanafunzi wa mwaka uliotangulia. Jambo hilo liliniudhi wakati ule na linaniudhi mpaka leo, maana bado lipo.

Dada mmoja aliyekuwa akifundisha Kiingereza upande wa Tukuyu, sasa ni marehemu, ndiye aliyesema tukutane bila kusubiri mfadhili. Tukapata chumba kwenye kituo cha walimu. Wa Rungwe walishuka na Coaster asubuhi, wa Uyole na Igawilo wakaja na daladala, wa mjini tukatembea. Hapakuwa na ajenda ya vyeo. Kila mmoja aliambiwa aje na insha ya mwanafunzi wake, basi.

Kikao kile nakikumbuka vizuri. Mashine ya kudurufu haikuwepo, kwa hiyo tulichagua insha moja tukainakili ubaoni neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Iliandikwa na binti wa kidato cha pili kuhusu siku ya soko. Binti yule alikuwa na jicho. Alieleza jinsi mnunuzi alivyomlazimisha mama yake kujaza viazi kwa lumbesa, jinsi gunia lilivyoshonewa kilemba cha kamba juu, na jinsi mama alivyoinama kuokota viazi viwili vilivyodondoka akavirudisha kwenye gunia la mtu ambaye hajalipia uzito huo. Lakini insha nzima ilikuwa "mchere" badala ya mchele, "kurara" badala ya kulala, "uko" badala ya huko. Tukakubaliana kila mwalimu asahihishe kivyake, kimyakimya, kwa alama 20. Tulipotaja alama, wa chini alikuwa ametoa 6 na wa juu 15.

Mabishano yaliyofuata yalitufaa kuliko semina yoyote niliyohudhuria baadaye maishani. Mwalimu mmoja alikata alama kila alipokuta "mchere". Mwingine alikata mara moja tu, akasema huwezi kumwadhibu mtoto mara saba kwa kosa moja. Mwingine hakukata kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe, alituambia waziwazi, hatofautishi l na r anapozungumza. Yule dada wa Tukuyu akatuuliza: huyu mtoto hajui, au anaandika anachokisikia nyumbani? Lugha nyingi za huku kwetu hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya. Tukaamua kwamba kosa la aina moja likijirudia litakatwa mara moja, na kwamba kila wiki tutatoa imla fupi yenye jozi kama kula na kura, mahali na mahari. Alama za binti yule tukazipandisha. Jumatatu kila mmoja alirudi darasani na kitu cha kufanya.

Mimi niliyaandika yote yale. Nilikuwa nimenunua kaunta buku ya kwaya tatu pale Mwanjelwa, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu, nikachora safu kwa rula: tarehe na mahali, waliohudhuria, kazi iliyofanyika, tulichokubaliana, fedha iliyoingia na kutoka. Mwisho wa kila kikao watu wawili walitia sahihi. Hakuna aliyeniteua. Nilifanya hivyo kwa sababu nikiwa nasoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilijifunza jambo fulani kuhusu vyama na taasisi za lugha, na halijanitoka kichwani.

Nilijifunza kuhusu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ile iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya mtihani tu: mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, kisha Kamati yenyewe kuanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Tunaikariri, tunapata alama zetu, tunaisahau. Mimi kilichonishangaza ni safari zake. Ilianzia Dar es Salaam, mwaka 1942 ikahamia Nairobi, mwaka 1952 ikaenda Makerere, mwaka 1962 ikashuka Mombasa, mwaka uliofuata ikarudi Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, chini ya chuo kikuu, na tangu mwaka 2009 tunaiita TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kuhama kote huko, nchi zinapata uhuru, bendera zinabadilika, na kazi haikukatika. Ilikuwa na katibu tangu siku ya kwanza, Frederick Johnson, na ilikuwa na jarida lake ambalo kila uamuzi na kila mjadala uliingia humo. Kamati ile ilikuwa chombo cha wakoloni na wamisionari, haikuwa chama cha walimu, na wenye lugha walichelewa sana kupewa kiti mezani. Hilo silifichi. Lakini ilihama na karatasi zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 haikuanzia hewani.

Ukiangalia vyama vya walimu wa lugha vya nje utakuta jambo hilohilo. Chama cha walimu wa Kiingereza cha TESOL kiliundwa New York mwaka 1966, lakini kabla ya hapo walimu na wataalamu walikuwa wamekutana Tucson mwaka 1964 na San Diego mwaka 1965. Walikutana kwanza kwa kazi, wakaona wanahitajiana, ndipo wakaunda chama. Katibu mtendaji wao wa kwanza, James Alatis, alishika kazi hiyo mpaka mwaka 1987. Marais wa chama walibadilika, katibu akabaki. Uingereza nako, mwaka 1967, W. R. Lee alianzisha chama cha walimu wa Kiingereza ambacho leo kinaitwa IATEFL. Kilianza bila neno "kimataifa" kwenye jina lake, likaongezwa baadaye wanachama wa nchi nyingine walipozidi. Lee alikuwa mhariri wa jarida la walimu wa Kiingereza, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kusoma walichoandika walimu na kukiweka pahali pa kuonekana.

Nyumbani kwetu chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilianzishwa mwaka 1959, miaka minane kabla Bunge halijapitisha sheria iliyounda BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1967. Malenga walitangulia, serikali ikafuata. Mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alipowaomba washairi wasaidie kueneza Azimio la Arusha, chama kilikuwa na kitu mkononi: Mathias Mnyampala na wenzake wakazipeleka ngonjera mpaka kwenye madarasa ya msingi. Wale watoto waliokuja Iringa mwezi Julai wamerithi kazi hiyo, na walimu wao wengi hawakujua mpaka nilipowaambia wakati wa chakula.

Mwanangu, katika yote hayo hakuna mahali ambapo chama kilianza na katibu mwenezi.

Turudi kwetu. Chama kilikua. Mwaka baada ya mwaka majina kwenye safu ya waliohudhuria yaliongezeka, wakaja wa Mbarali, wa Kyela, wa Chunya. Mwenyeji wa kikao alitoa chai na ndizi za kuchemsha, na mwenye viazi alileta viazi. Kilichotupa jina ni mtihani wa pamoja wa kidato cha pili. Tulitunga wenyewe, tukaupima wenyewe, tukausahihisha kwa kubadilishana shule ili mwalimu asisahihishe watoto wake. Wakuu wa shule waliokuwa wakitunyima ruhusa wakaanza kutuletea barua za kuomba kujiunga. Ofisi ya elimu ikatuuliza sisi ni nani. Ndipo tukaona haja ya kusajiliwa.

Usajili ulikuwa na karatasi nyingi na sitakuchosha nazo. Chini ya Sheria ya Vyama unahitaji katiba, orodha ya waanzilishi na muhtasari wa kikao kilichoazimia kuunda chama. Muhtasari uliopelekwa kwa Msajili ulitoka kwenye kaunta buku langu. Kila jina kwenye orodha ya waanzilishi lilitoka humo. Nasema hili kwa fahari, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ndogo.

Siku ya uchaguzi walikuja watu ambao hawakuwahi kusahihisha nasi insha hata moja. Walikuja wamejipanga, wana suti, wana hotuba. Wale kina mama wenye madaftari ya wanafunzi kwenye mikoba hawakugombea, maana walidhani kazi inajieleza. Mwenyekiti aliyepatikana alikuwa hodari wa kutafuta fedha, nampa haki yake. Alizipata. Semina zikahamia hotelini, posho ikaingia, mahudhurio yakapaa. Lakini insha ya mwanafunzi ikaondoka mezani. Tukawa tunasikiliza mada kuhusu kusahihisha badala ya kusahihisha. Nilipouliza kwenye kikao lini tutarudi kwenye mtihani wa pamoja, niliambiwa nisiwe mtu wa mambo madogo. Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani, na sijayasahau.

Fedha zilipokauka, watu nao walikauka. Katibu aliyechaguliwa alipata uhamisho wa kwenda mkoa mwingine na akaondoka na faili lote, mihtasari, risiti, kila kitu, na mpaka leo halijarudi. Akaunti ya benki ikalala kwa sababu watia saini hawakuwa wakisalimiana. Kwa muda mrefu chama kilibaki kuwa muhuri ndani ya droo.

Kilichokifufua ni lile kaunta buku. Sisemi hivi ili nisifiwe. Nilikaa nikapitia majina, nikaanza kuwatafuta mmoja mmoja: huyu amehamia Njombe, huyu ni mkuu wa shule Mafinga, huyu amestaafu analima parachichi Rungwe, huyu tumemzika. Waliobaki tukakubaliana tukutane Makambako, maana pale wa Mbeya, wa Iringa na wa Njombe wote wanafika bila kulala njiani. Tukaweka insha mezani, kama zamani. Vijana walioajiriwa karibuni wakajiunga, wakaleta kundi la wasapu na nguvu mpya. Hao ndio walioandaa mkutano wa Julai. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Wageni wakikusahau unazoea, hawa nimewafundisha kushika kalamu nyekundu.

Sasa ushauri, kwa kuwa ndicho ulichoomba.

Tafuteni katibu kabla ya mwenyekiti. Mwenyekiti mnaweza kumpokezana kila kikao, anayewakaribisha ndiye anaongoza. Katibu awe mtu mmoja, mwenye mwandiko unaosomeka na tabia ya kumaliza anachoanza, na msimpe kazi hiyo kwa sababu ni mdogo kuliko wote au kwa sababu ni mwanamke na ana mwandiko mzuri. Mpeni kwa sababu mnamwamini. Halafu mnunulieni kaunta buku. Kundi la wasapu ni zuri kwa kukumbushana tarehe, lakini simu huibiwa, huzama kwenye maji, na mtu akitolewa kwenye kundi historia yote inabaki kwa wengine. Andikeni kwenye karatasi, kisha pigeni picha ya kila ukurasa na watu watatu wakae nayo. Katibu akihamishwa, na atahamishwa, maana sisi ni watumishi wa umma, makabidhiano yafanyike mbele ya mashahidi kabla hajapakia godoro lake kwenye lori.

Andikeni majina kamili, na shule, na alichofanya kila mtu. Usiandike tu "kikao kilijadili ufupisho". Andika nani alileta kifungu, nani aliongoza, nani alipinga, mkaamua nini. Aliyepika chai naye aandikwe, kwa sababu bila yeye wa Matamba wasingekaa mpaka saa nane. Historia ya chama ikija kusomwa hadharani, itasomwa kutoka kwenye kilichoandikwa, na ambaye hakuandikwa atapewa kitenge.

Kazi iwe ile ambayo mwalimu anaweza kuifanya Jumatatu. Anzeni na insha moja. Kikao kinachofuata, ufupisho. Kinachofuata, swali la fasihi ambalo watoto wote wanalikosea kwa namna ileile. Walimu wa Kiingereza nao walete karatasi zao, kwa maana mtoto ni yuleyule, na kosa analolifanya kwenye Kiswahili mara nyingi utalikuta limemsubiri kwenye Kiingereza. Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na mnaruhusiwa kukutana shuleni na kwenye vituo vya walimu kwa ratiba inayojulikana. Tumieni mlango huo. Sisi tulikutana Jumamosi kwa kuibia muda wa kufua, ninyi mmefunguliwa. Afisa elimu kata akijua mnachofanya, barua ya ruhusa haitakuwa vita.

Katiba mtaandika, na usajili mtatafuta, mkishakuwa na kazi ya kusajili. Wala msichanganye chama chenu na CWT. Chama cha Walimu kilisajiliwa mwaka 1993, kina kazi yake ya kutetea mishahara, madaraja na haki za mwalimu, na ni kazi kubwa. Chama cha somo kinamtetea mwanafunzi mbele ya kalamu ya mwalimu wake. Mkianza kugombana kuhusu posho kwenye chama cha somo, mtakuwa mmepoteza vyote viwili.

Fedha ziandikwe palepale zinapotolewa, mbele ya waliotoa, hata kama ni shilingi elfu moja ya sukari. Nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa ajili ya fedha isiyofika hata bei ya debe la viazi. Mfadhili akija, mkaribisheni, mshukuruni, lakini kabla ya kupokea jiulizeni kama mtaendelea kukutana siku akiondoka. Jibu likiwa hapana, basi mnachojenga ni cha kwake.

Na waandikeni waliowatangulia. Makete ina walimu wastaafu waliofundisha Kiswahili wakati kitabu cha kiada kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Nendeni mkawasikilize wakiwa hai. Ulizeni walikuwa wakikutana wapi, nani alianza, kwa nini waliacha. Sipendi tabia iliyozuka ya kila kizazi kujiona ndicho kilichofungua mlango. Mwalimu wa lugha anayefundisha watoto historia ya usanifishaji tangu mwaka 1925 halafu hamjui mwalimu aliyeshika darasa lake kabla yake, anafundisha nini hasa? Kumbukumbu ni wajibu, vijana wangu. Ni wajibu kama kuandaa azimio la kazi. Hakuna atakayekuja kutoka Dodoma kutuandikia majina ya walimu wetu wa kata.

Kwa upande wangu, nimekwishaandika barua kwa uongozi wa sasa, barua ya heshima, nikiambatanisha nakala za kurasa za vikao vyote vya kabla ya usajili. Nimeomba historia ile isomwe upya kwenye mkutano mkuu ujao, na majina ya marehemu yasomwe kwanza. Katibu amenijibu vizuri, amesema litaingia kwenye ajenda. Nitakuwepo ukumbini siku hiyo.

Limebaki suala la nauli, ambalo najua litawasumbua kuliko yote niliyoyasema. Msikutane mahali pamoja kila mara, hata kama shule hiyo ina ukumbi mzuri. Zungusheni. Anzeni Iwawa kwa kuwa ndiko magari yanakofika kirahisi, mwezi unaofuata nendeni Tandala, kisha Bulongwa, na vikao vya Matamba viwekeni miezi ya kiangazi, kwa sababu mvua ikishaanza wenzenu wa upande ule ndio wanaoumia na barabara. Anayetoka mbali zaidi achangiwe na wanaotembea kwa miguu, na hilo nalo katibu aliandike.